Potasiamu Yangu na Chungu cha Mama

Potasiamu yangu mwezi huu ni nne nukta tisa. Huitaja namba hiyo bila kuulizwa, kama mzazi anavyotaja alama za mtoto aliyefaulu, kwa sababu niliitafuta kwa mwaka mzima na ushee. Kreatinini, ile namba inayoonyesha jinsi figo zinavyochuja, haijapanda kwangu tangu mvua ndefu zilizopita. Daktari wa kliniki ya figo mjini Kisii huwaonyesha madaktari wanafunzi faili langu, na mimi huketi wima wanapolisoma.

Naandika haya kwa ajili ya mtu aliyeambiwa kwamba figo zake zimechoka, na sasa ameketi nyumbani akitazama karatasi ya maabara asiyoielewa. Naandika pia kwa sababu nilipougua, jina la mama yangu lilichafuliwa kutoka kitanda changu cha hospitali hadi soko la Nyamache, na aliyeanza kulichafua ni mimi. Sifa zangu nitazitaja, maana nimezifanyia kazi. Hilo la mama nitalitaja pia.

Nilizaliwa kwenye mteremko wa majani chai, mwendo wa nusu saa kutoka Nyamache. Baba alifariki nikiwa darasa la saba, nami ndiye kifungua mimba katika watoto sita. Nilichuma chai ya majirani asubuhi na kusoma jioni, hadi nikapata diploma ya ufundi wa majokofu na viyoyozi. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nikaenda Ghuba, nikafanya kazi miaka tisa juu ya mapaa ambayo ukiyagusa kwa mkono mtupu ngozi inabaki pale. Kule juu tulikunywa maji kidogo, kwa sababu kushuka kwenda msalani kulikula muda. Mgongo ulipouma nilimeza vidonge vya maumivu kama njugu.

Nilirudi nikajenga nyumba ya mawe inayoonekana kutoka barabarani. Nikamjengea mama jiko lake pembeni, la matofali, kwa sababu alikataa kupika kwenye jiko la gesi la mke wangu. Mke wangu, Mama Kemunto, nikamfungulia duka la pembejeo pale Keumbu. Mimi nikashika kazi ya matangi ya kupozea maziwa, na kati ya Nyamira na Suneka hakuna tangi ambalo halijapita mikononi mwangu.

Ugonjwa ulinikuta kazini. Nilikuwa upande wa Nyamira, kwenye chama kimoja cha wafugaji, nikisubiri kipuri kiletwe. Kando ya barabara palikuwa na kanisa, na uwanjani watu wa afya walikuwa wamesimamisha mahema wakipima presha bure. Nikajiunga na foleni ili kupitisha wakati. Msichana aliyenipima aliangalia mashine, akaniangalia, akanifunga tena ule mkanda kwenye mkono wa pili.

"Mzee, umepanda mlima kuja hapa?"

"Nimekuja na pikapu yangu."

"Basi keti hapa. Nataka damu na mkojo."

Sikuwa nimeona ugonjwa wowote, au niseme nilikuwa nimeona na nikaupa majina mengine. Viatu vilinibana jioni, nikalaumu viatu. Mkojo ulitoa povu, nikalaumu sabuni ya kuoshea choo. Ngozi iliniwasha mgongoni, nikalaumu baridi ya Julai. Siku tatu baadaye nilipigiwa simu nifike kliniki ya figo Kisii nikiwa na karatasi ya majibu.

Daktari alikuwa mwanamke mtulivu, mdogo kwangu kwa umri. Hakunipa mhadhara. Alisema, "Kazi ya watu wanne, kwako inafanywa na mmoja, na huyo mmoja amechoka. Tukimlinda, ataendelea miaka mingi. Tusipomlinda, tutaenda kwenye mashine."

Chumba cha mashine ya kusafisha damu kilikuwa mwisho wa ukumbi ule ule. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Niliona mtu wa rika langu ameegemea kiti, mpira wenye damu yake ukitoka mkononi na kuingia kwenye sanduku linalonguruma. Mimi ni mtu wa kupanda mapaa. Niliapa moyoni kwamba kile kiti hakitanipata.

Masharti yalikuwa haya: dawa za presha kila siku, vidonge vya maumivu marufuku, chumvi nipunguze sana, ndizi na parachichi niweke kando kwa sababu ya potasiamu, na kila mwezi nitoe damu. Ndizi, kwa Mkisii. Mama aliposikia alinitazama kama mtu aliyekatazwa kupumua. Lakini niliacha siku hiyo hiyo. Nikiamua jambo, huwa nimeamua.

Kliniki ilikuwa Jumatatu ya kwanza ya mwezi. Tulitoa damu asubuhi kisha tukasubiri kwenye benchi refu la mbao hadi majibu yashuke. Jirani yangu pale alikuwa Mwalimu Teresia, mstaafu kutoka Keumbu, mwenye miaka mitano kwenye kliniki hiyo. Faili lake alilibeba ndani ya mfuko wa unga. Siku ya kwanza nilijitambulisha kwake kwa ukamilifu, pamoja na masomo yangu, na tangu hapo hakuwahi kuniita kwa jina.

"Diploma, umekojoa povu leo?"

"Mwalimu, watu wanasikia."

"Hawa wote wanakojoa povu. Unafikiri wamekuja kununua vitunguu?"

Kwa mtu mgonjwa, benchi kama lile ni dawa. Tulijuana kwa namba. Mtu akitoka dirishani na karatasi, hatukumuuliza hali, tulimuuliza kreatinini. Ikiwa imepanda, Mwalimu Teresia alisogea kumpa nafasi karibu na ukuta, mahali pa kuegemea.

Lakini mahali nilipopapenda zaidi ni maabara yenyewe. Mtaalamu wake aliitwa Ogeto, kijana mwembamba wa maneno machache. Mwezi wa pili nilipofika nilisikia jokofu lao la kutunzia dawa za vipimo likigonga. Nikamwambia, "Hiyo kompresa haifiki Ijumaa." Alicheka. Alhamisi akanipigia simu. Nikaenda, nikaitengeneza bila kudai chochote, na baada ya hapo alinifungulia mlango nione kazi yake.

Nilichokiona kilinifurahisha kama fundi. Kabla hajapima damu ya mtu yeyote, kila asubuhi aliiwekea mashine maji maalumu ambayo namba yake inajulikana tayari. Mashine ikikosea namba hiyo, hakuna mgonjwa anayepimwa hadi itengemae. "Damu yako siijui," Ogeto aliniambia, "kwa hiyo lazima kwanza nijue mashine haidanganyi." Mimi pia siamini geji ya kupimia gesi nisiyoijaribu. Nikasema, hapa nimefika kwa watu wangu.

Sasa nifike kwenye kosa.

Nilikuwa nimeambiwa chumvi ni adui. Mimi nikaelewa chumvi ya dukani. Mboga bila chumvi ni adhabu, na mtu aliyekwisha kuachishwa ndizi hawezi kuachishwa kila kitu. Nikakumbuka kwamba bibi zetu walipikia majivu. Maganda ya ndizi na ya maharagwe yanakaushwa, yanachomwa, majivu yanawekwa kwenye chombo chenye matundu, unamimina maji juu, na chini yanachuruzika maji ya rangi ya chai ya rangi. Mama bado aliyatumia, kijiko kimoja kwenye mrenda ili uive laini, basi.

Nikaona nimepata jibu ambalo daktari hakulifikiria: chumvi ya asili, isiyotoka kiwandani. Nikachukua ndoo mbili, nikazipanga moja juu ya nyingine, nikaweka kitambaa cha kuchujia na bomba dogo chini. Kazi safi kabisa. Niliisimamisha nyuma ya jiko la mama. Halafu nikaona maji yale ni mepesi, nikayachemsha hadi ikabaki robo. Mama alisimama mlangoni akinitazama.

"Hayo ni ya mrenda," alisema. Nyumbani tunaongea Ekegusii, nayaandika hapa kwa Kiswahili. "Kijiko kimoja. Hata mama mkwe wangu hakuyaweka kwenye maharagwe."

"Mama, zamani hamkuwa na kipimo. Weka kwenye kila kitu changu. Chungu changu kiwe peke yake."

"Na daktari amesema?"

"Mama, mimi nimesoma."

Kuanzia siku hiyo alinipikia kama nilivyoagiza. Mama Kemunto alishinda dukani Keumbu kutwa, naye alijua tu kwamba chakula changu kinatoka jikoni kwa mama kikiwa kitamu. Presha ilishuka kidogo. Nikajiona daktari. Siku chache baadaye, nikipita Keumbu, nilimpelekea Mwalimu Teresia chupa nzima kama zawadi, nikamweleza jinsi ya kuitumia. Aliifungua, akanusa, akaifunga.

"Diploma, hii ni ya kula ama ya kuondoa rangi ukutani?"

Ilikuwa wakati wa mahindi mabichi. Wiki ya tatu nilianza kuona miguu yangu si yangu. Nilikuwa nikipanda kutoka bondeni kwenye shamba la chai, mahali ninapopapanda tangu utotoni, nikakaa chini katikati ya mteremko kama mzee. Vidole vilikuwa vikichezacheza kwa ganzi. Usiku moyo uliruka mapigo, kisha ukayafidia kwa pigo moja zito. Sikumwambia mtu. Kliniki ilikuwa karibu.

Jumatatu nikatoa damu. Sikukaa kwenye benchi siku hiyo. Nilikuwa na mzigo wa kumpelekea mke wangu Keumbu, nikasema nitarudi kuchukua karatasi. Nilikuwa nimeketi juu ya gunia la mbolea dukani, nimechoka bila sababu, Ogeto alipopiga simu.

"Mzee, rudi. Nataka damu tena."

"Kwani ile umeimwaga?"

"Potasiamu imesoma saba nukta moja."

Nilijua kwamba kawaida haizidi tano na kidogo, na kwamba ikipanda sana husimamisha moyo. Nikacheka. "Ogeto, mtu wa saba hawezi kushika simu. Mashine yako imeharibika. Mwambie fundi wenu aiangalie."

"Inawezekana. Damu ikitikisika sana kwenye kichupa, chembe zake hupasuka na kutoa namba ya uongo. Lakini maji ya juu ya damu yako ni meupe, hayana wekundu. Na mashine ilipita mtihani wake asubuhi. Ndiyo maana nataka damu, sitaki maneno."

Nilitaka kubishana. Katika kazi yangu, geji ikisoma jambo la ajabu, kwanza unashuku geji. Lakini nilikuwa nimeiona asubuhi yake kwa macho yangu, yale maji ya kujaribia, na nikajua kwamba yule kijana amefanya kile ambacho mimi mwenyewe ningefanya. Mama Kemunto alikuwa amesikia. Alikuwa ameshachukua funguo za pikapu kutoka kaunta.

"Baba Kemunto, wewe utakaa upande ule. Mimi naendesha."

"Wateja je?"

"Wateja watasubiri mbolea. Haiozi."

Ogeto alitoa damu polepole, bila kunifunga mpira mkononi, akaibeba mwenyewe kama yai. Majibu yalikuja: saba. Sasa daktari hakuketi. Nililazwa, nikabandikwa nyaya kifuani, na kwenye karatasi ya moyo hata mimi niliona vilima vilivyochongoka kama misumari mahali palipofaa kuwa na vilima vya mviringo.

"Tutaishusha kwa dawa," daktari alisema. "Tunapima kila saa mbili. Ikikataa kushuka chini ya sita kufikia jioni, tunaingia chumba cha mwisho."

Nilijua chumba gani.

Walinidunga, wakanitundikia maji ya sukari pamoja na insulini, wakanivutisha mvuke kama mtu wa pumu. Katikati ya hayo daktari akauliza, "Umekula nini? Ndizi?"

"Sijagusa ndizi tangu mwaka jana."

"Parachichi? Viazi?"

"Daktari, mimi nafuata masharti kuliko mtu yeyote hapa. Hata chumvi ya dukani nimeacha."

Akaacha kuandika. "Unatumia nini badala yake?"

Nikamweleza maji ya majivu. Alipouliza majivu ya nini, nikasema ya maganda ya ndizi, na sentensi hiyo ilipotoka kinywani mwangu nikaisikia. Nilikuwa nimeacha ndizi, nikawa nakula majivu ya maganda yake, yaliyochemshwa hadi robo.

Alifumba macho kidogo. "Nani anapika nyumbani?"

"Mama yangu."

"Ni yeye aliyeanzisha hili?"

Mama Kemunto alikuwa amesimama miguuni pa kitanda. Muuguzi alikuwepo. Wanafunzi wawili walikuwepo na madaftari. Mimi, mwenye diploma, mtengenezaji wa jokofu la maabara yao, nikasema, "Ni mambo yao ya zamani."

Sikusema uongo neno kwa neno. Lakini nilimwona mke wangu akikaza taya, akatoka nje na simu.

Baada ya saa mbili namba ilikuwa sita nukta sita. Kisha sita nukta mbili. Ogeto alizileta mwenyewe, akisimama mlangoni na kunionyesha kwa vidole. Nilizisubiri kama ninavyosubiri joto la maziwa lishuke kwenye tangi, sauti ya mfugaji ikiwa nyuma yangu, isipokuwa safari hii maziwa yalikuwa mimi. Alasiri jua likiwa bado kwenye dirisha aliingia akaonyesha vidole vitano, halafu nane. Tano nukta nane. Daktari akasema kile chumba kimekosa mteja leo.

Jambo la kwanza nililofanya ni kumpigia Mwalimu Teresia.

"Mwalimu, ile chupa. Tafadhali imwage."

"Ile? Niliimwagia mgomba siku ile ile. Umestawi sana. Kwani kuna nini, Diploma?"

Nilimweleza. Hakunicheka, na hapo ndipo nilipojua hali ilikuwa mbaya kiasi gani.

Nililazwa siku sita. Ogeto, kwa udadisi wake na baada ya kumaliza foleni, alichukua tone la maji yangu ya majivu, yaliyoletwa kutoka nyumbani kwa ombi la daktari, akalichanganya na maji safi mengi, akalipima. Mashine ilikataa kutoa namba. Iliandika tu kwamba imezidiwa. Hadithi hiyo huisimulia hadi leo, na lazima niseme kwamba kichujio changu kilifanya kazi vizuri mno.

Niliporudi nyumbani jiko la mama lilikuwa baridi. Alikuwa ameketi mlangoni, na kando yake kapu la mboga, majani ya chinsaga na managu yaliyofungwa mafungu, yamenyauka. Ilikuwa jana yake siku ya soko Nyamache, na mama huuza mboga pale tangu kabla sijazaliwa.

"Hukuuza, Mama?"

"Jua lilikuwa kali," alisema. "Yalinyauka tu."

Dada yangu mdogo ndiye aliyeniambia. Mama Kemunto alikuwa amempigia simu kutoka hospitali akisema chungu cha mama mkwe kimenilaza. Dada akamwambia jirani, jirani akaenda sokoni, na kufika huko neno lilikuwa limeota pembe: kwamba yule mama amemlisha mwanawe kitu. Wanawake walionunua mboga kwake miaka thelathini walipita mbele ya kapu lake wakimsalimu kwa adabu na kununua kwa mwingine. Mama alikuwa ameacha kupika, akiishi kwa chai na mkate, na Kemunto, binti yetu wa miaka kumi aliyezoea kula kwake kila akitoka shule, alikuwa amerudishwa mlangoni.

Nilimwita mke wangu sebuleni. Nilimwambia kila kitu: ndoo mbili, kichujio, kuchemsha, kijiko kimoja cha mama na jinsi nilivyomnyamazisha.

"Baba Kemunto, mimi nimempigia dada yako kwa mdomo huu."

"Na mimi nilikuona ukitoka na simu, nikakuacha."

"Kwa nini?"

"Wanafunzi walikuwa wanaandika."

Alinitazama kama mtu anayepima kitambaa, aone kama kinatosha. Kisha akavaa leso, tukaenda pamoja jikoni kwa mama, yeye akitangulia. Sitayaandika yote yaliyosemwa mle. Mke wangu alipiga magoti, na mama akamwambia ainuke, sakafu ni baridi.

Sabato iliyofuata, wakati wa shuhuda, nilisimama kanisani. Ninajua kuzungumza mbele ya watu, na siku hiyo nilizungumza vizuri kuliko wakati wowote. Nilisema: mama alinionya, mimi nikamwambia nimesoma, aliyenilisha majivu ni mimi. Wapo waliocheka, wapo waliosema amina. Nilirudi kuketi nikiwa nimejaa fahari, maana si kila mtu mwenye nyumba ya mawe angesimama vile.

Nje ya kanisa mama alinishukuru. "Umesema vizuri. Lakini wao hawaogopi maneno. Wanaogopa chungu." Akatembea hatua kadhaa. "Na mimi nakiogopa. Maji yale yamekuangusha kwa mwezi mmoja. Mimi nimeyala miaka sabini. Nimewalisha nyinyi sita. Nimemlisha Kemunto. Huenda nimewaua polepole nyote."

Nilitaka kumwambia hapana. Lakini nilikuwa nimekwisha kusema mengi bila kipimo.

"Twende Ogeto akuangalie," nikasema.

Jumatatu ya kliniki iliyofuata tukaenda. Alivaa nguo yake ya kanisani, ile ya siku ya meza ya Bwana, na viatu vilivyofungwa. Mwalimu Teresia alimpisha mahali pa ukutani bila kuuliza. Ndani, mama alinyoosha mkono, akamwonya Ogeto, "Chukua ya kutosha, kijana. Usirudi kunidunga."

"Mama, mshipa wako ni mzuri kuliko wa mwanao."

"Huo umelima," alisema.

Tulisubiri. Nimesubiri majibu yangu mara nyingi kwenye benchi lile, na sijawahi kuogopa hivyo. Mama alishika mkoba wake kwa mikono miwili. Mwalimu Teresia alianza kumpa stori za mgomba wake, kisha akaacha. Wanawake wawili wa soko letu la Nyamache, waliomleta mzee wao wa presha, walikuwa wameketi mwisho wa benchi, nao walikuwa wameshatutambua.

Ogeto alitoka mwenyewe badala ya kutoa karatasi dirishani. Alichutama mbele ya mama.

"Potasiamu yako ni nne nukta mbili. Kreatinini yako ni ya msichana. Figo zako zinafanya kazi yote, Mama. Kijiko cha majivu kikiingia, zinakitoa. Za mwanao haziwezi. Chungu chako hakina neno."

"Na mtoto? Kemunto?"

"Mtoto mwenye figo nzima, akila mrenda wa bibi yake, anashiba tu."

Mama aliichukua karatasi, akaiangalia pande zote mbili, kisha akanipa.

"Isome."

"Amekwisha kuisema, Mama."

"Amesema kwa sauti ndogo. Wewe ndiye umesoma. Simama."

Nikasimama. Katika maisha yangu nimesomewa jina kwenye mahafali, nimeitwa mbele kule Ghuba kupewa cheti cha fundi bora wa mwaka, na faili langu hupita mikononi mwa madaktari. Nikayasoma majina ya mama yangu, yote matatu, kisha nikasoma namba zake moja baada ya nyingine, na kila moja nikasema: kawaida. Wale wanawake wawili wa mwisho waliinamisha vichwa, wakisikiliza.

Nilipomaliza nikamrudishia karatasi. Hakuipokea.

"Tena," akasema.

Nikasoma tena.